Kabla ya Jengo, Tuanze na Daftari: Barua ya Wazi kwa Viongozi wa Kaunti ya Kilifi

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Kilifi,
Kwa Waheshimiwa Wawakilishi Wadi katika Bunge la Kaunti,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Kaunti anayesimamia utamaduni,

Nawasalimu kwa heshima, na naomba msome barua hii hadi mwisho hata kama shughuli ni nyingi.

Naandika kuhusu makavazi ya historia ya kaunti yetu na chama cha kuyalea. Neno makavazi likitajwa kwenye vikao vya bajeti, swali la kwanza huwa ni jengo: lijengwe wapi, ligharimu kiasi gani, nani akate utepe. Malindi watalitaka kwao. Kilifi mjini watasema makao makuu ni hapa. Mariakani na Kaloleni watauliza kwani wao wamekosa nini. Mvutano kama huo unaweza kulilaza jambo lenyewe miaka mitano mizima, kisha uchaguzi ukafika na kila kitu kikaanza upya. Ombi langu ni tuanzie upande mwingine. Tuwe kwanza na daftari la kumbukumbu, tuwe na mtu aliyesomea kazi ya kulitunza, na tuwe na chama cha historia chenye wanachama kutoka kila kaunti ndogo. Jengo likija baadaye, litakuta kuna kitu cha kuwekwa ndani na kuna anayejua kitu hicho ni nini.

Nikisema daftari, nina maana ya orodha rasmi ambayo kila makavazi duniani huanza nayo. Kitu kikiingia kinapewa nambari. Inaandikwa ni nini, kimetoka kijiji gani, nani alikileta, nani alikitengeneza kama anajulikana, kililetwa lini, kwa masharti gani, na kinapigwa picha. Ni kazi ya kuchosha na haina sherehe. Naomba niwaeleze kwa nini naiweka mbele ya kila kitu, na mfano wangu unatoka hapa hapa nyumbani.

Mnavijua vigango. Kwa wasomaji wa barua hii wasiovijua: kwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, akifariki, ndugu zake humchongea nguzo bapa ya mti mgumu, aghalabu muhuhu ambao mchwa hauumalizi upesi, yenye kichwa juu na kiwiliwili kilichochorwa safu za pembetatu ndogo ndogo. Kigango hicho kinasimamishwa kwa tambiko, kinafungwa vitambaa, na kikishasimama hakiondolewi. Watu wanaweza kuhama boma, kigango kinabaki pale pale. Mizimu ya mzee huyo imekaa hapo, na nyumba yake inakwenda kuzungumza naye hapo.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Ilikuwa picha ya kawaida ya utafiti. Aliporudi kumletea mzee nakala yake, aliambiwa vigango vimeibwa. Wezi walikuwa wamepita usiku, kama walivyopita kwenye maboma mengi miaka hiyo, kwa sababu kulikuwa na wafanyabiashara wa sanaa waliokuwa tayari kununua, na kulikuwa na vijana wetu waliokuwa tayari kung'oa. Mzee yule alifariki bila kuviona tena. Kisha mwaka 1999, kwenye kongamano la wasomi huko Marekani, Udvardy akaona kwenye slaidi kigango ambacho macho yake yalikitambua. Kilikuwa kwenye mkusanyiko wa makavazi katika jimbo la Illinois. Cha pili kikapatikana kwenye makavazi ya Chuo Kikuu cha Hampton, jimbo la Virginia. Yeye na mwenzake Linda Giles wakaendelea kufuatilia, na ikadhihirika kwamba mamia ya vigango vyetu vilikuwa vimetawanyika katika makavazi ya Marekani. Mwaka 2007 vile viwili vikarejeshwa Kenya, vikapokelewa na nyumba ya mzee yule.

Kilichoviwezesha kurudi ni picha ile ya 1985. Ilikuwa na mahali, ilikuwa na mwaka, ilikuwa na mwenyewe amesimama pembeni. Hakuna wakili wala balozi aliyeweza kubishana nayo.

Sasa tazameni vilivyobaki. Denver Museum of Nature & Science ilikubali mwaka 2014 kuviachilia vigango 30, na ikawa 2019 ndipo vikafika Kenya. Makavazi ya jimbo la Illinois yalirejesha vingine 37 mwaka 2023. Ni habari njema na nawashukuru wote waliohangaika. Lakini vingi kati ya hivyo havijulikani vilitoka boma gani. Kigango kisichojulikana ni cha nani hakiwezi kupelekwa kwa mwenyewe, na kukiweka kwenye boma la mtu mwingine ni kosa ambalo hakuna mzee wa kaya, ile misitu mitakatifu ya Mijikenda, atakayelikubali. Kwa hiyo vimerudi katika nchi yao na bado havijafika nyumbani. Lau kila boma lingekuwa na picha moja na mstari mmoja kwenye daftari la wilaya mwaka 1980, leo tungekuwa tunavisindikiza kimoja kimoja hadi mlangoni. Na vigango vilivyosimama sasa hivi huko Ganze, Kaloleni, Magarini, je, tuna picha zake? Vikiibwa mwezi ujao, tutamwonyesha nani nini?

Hilo ndilo linaloniumiza zaidi ya yote nitakayosema humu.

Watu wataniuliza, kwani Kilifi haina makavazi? Inayo, na nayaheshimu. Gede ipo, Mnarani ipo, Jumba la Mtwana ipo, Malindi ipo, Rabai yapo yale ya kumbukumbu ya mmisionari Krapf. Misitu ya kaya iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008, na Gede ikafuata mwaka 2024. Maeneo haya yako chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na wafanyakazi wake wameyalinda kwa mishahara midogo na vifaa vichache. Ila kazi ya Makavazi ya Kitaifa ni urithi wenye uzito wa kitaifa. Katiba ya 2010 iligawa mambo hayo waziwazi katika Jedwali la Nne: mabaki na minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa ilibaki kwa serikali ya taifa, na makavazi na maktaba zikatajwa kwa majina katika Sehemu ya Pili, miongoni mwa majukumu ya kaunti. Ni jukumu lenu, Waheshimiwa, kama zilivyo zahanati na shule za chekechea. Ipo pia sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayozipa kaunti kazi ya kuyasajili yaliyomo ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo daftari ninaloliomba halihitaji sheria mpya. Msingi wake umeshawekwa.

Gede yenyewe inatufundisha jambo hilo hilo. Nendeni mkatembee ndani ya magofu. Mtaona Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Pesa za Kichina. Majina hayo hayakutoka kwa waliokaa humo, maana hao waliuhama mji katika karne ya 17 na hawakutuachia hata jina la mtaa. Yalitoka kwa James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948 na kuandika kila alichokikuta alikikuta katika chumba kipi. Mkasi ule peke yake ungekuwa chuma chenye kutu. Kwa kuwa iliandikwa ulitoka nyumba ile, leo mtoto wa darasa la tano anasimama kwenye kizingiti na kuelewa kwamba hapa palikaa watu waliokata nguo. Na hapo hapo kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399 kwa hesabu ya Miladi. Fundi mmoja alichonga tarakimu chache, na kwa sababu yake tunajua la kusema kuhusu mji mzima.

Waheshimiwa, historia ninayoihofia zaidi haiko kwenye magofu. Magofu yana ukuta na mlinzi. Iko chini ya vitanda.

Nyanya mmoja wa upande wa Ganze alitufungulia bati la biskuti, mimi na wenzangu kadhaa wanaopenda mambo haya. Ndani mlikuwa na kipande cha marehemu mumewe, kile cheti cha kazi ambacho mkoloni alimlazimisha kila mwanamume Mwafrika kukibeba, kikiwa bado ndani ya kijaluba chake cha bati cha kuning'iniza shingoni. Kipande chenyewe kimekunjwa mara nyingi hadi mikunjo imekuwa matundu. Kulikuwa na stakabadhi za kodi, wino wake umegeuka rangi ya chai. Na kulikuwa na picha ya vijana watatu waliovaa sare za jeshi la King's African Rifles, wakiwa wamesimama mbele ya hema. Mchwa ulikuwa umekula kona moja hadi kwenye goti la wa kwanza. Nyanya akaweka kidole. Huyu wa katikati ni mume wangu, akasema, huyu wa kulia ni shemeji yake. Huyu wa kushoto mwaka jana nilikuwa nalo jina lake, mwaka huu limenitoka.

Tuliipiga picha ile picha kwa simu. Tukamwandikia majina mawili kwenye karatasi na kuiweka ndani ya bati. Zaidi ya hapo hatukuwa na la kufanya, kwa sababu hakuna mahali katika kaunti hii ambapo mama kama yule anaweza kwenda na bati lake, akapewa risiti, akaambiwa tutakutunzia na ukitaka kuliona njoo siku yoyote. Mabati kama hayo yako Chonyi, yako Jaribuni, yako Vitengeni, yako Takaungu na Mambrui. Kila mwaka yanapungua, kwa kuwa mwenye nyumba akifa vijana husafisha chumba.

Na sizungumzii mambo ya mkoloni tu. Nani ameandika habari za wafanyakazi wa mashamba ya katani ya Vipingo kwa maneno yao wenyewe? Nani amewarekodi akina mama waliobangua korosho kwenye kiwanda cha Kilifi kabla hakijafungwa miaka ya 1990? Watu wa umri wangu tunakikumbuka kivuko cha Kilifi kabla daraja halijafunguliwa mwaka 1991, foleni ya magari ikifika mbali, watoto wakiuza mabuyu na korosho madirishani. Aliyezaliwa baada ya hapo anaona kijito na daraja tu. Na Ngomeni! Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Wanasayansi kote duniani wanalijua jina hilo. Kulikuwa na wenyeji waliobeba, waliopika, waliolinda, walioendesha mashua kwenda na kurudi jukwaani. Waliokuwa vijana wakati ule sasa ni wazee wa miaka sabini na zaidi. Kinasa sauti kimoja na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani vinatosha kuwafikia kabla hatujachelewa.

Naomba pia niseme habari za Mekatilili wa Menza, maana jina lake hutajwa sana kwenye hotuba. Sanamu yake ipo, na ni jambo jema. Kila mtoto anajua aliwaongoza Wagiriama kukataa kupelekwa kazi kwa nguvu mwaka 1913, kwamba yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa wakahamishiwa Kisii, wakatoroka na kurudi kwa miguu. Wachache wanajua kwamba Agosti 1914 serikali ya Waingereza iliilipua Kaya Fungo kwa baruti, na kwamba vita vyao na Waingereza vilipomalizika Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000, kiasi kilichowamaliza mbuzi na ng'ombe. Barua na ripoti za maofisa wa wakati ule, akiwemo Arthur Champion, zimo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Kitaifa jijini Nairobi. Mwalimu wa Bamba au wa Marafa anayetaka darasa lake lizisome lazima apande basi usiku kucha. Nakala zake zingeweza kuwa hapa. Na zikiwa hapa, zingekaa pamoja na masimulizi ya upande wetu, nyimbo zilizoimbwa, majina ya waliouawa, mahali mifugo ilipokusanywa kulipa faini. Ofisa aliandika aliyoyaona yeye akiwa amekasirika na ameogopa. Wazee wetu walisimulia waliyoyapata. Mwanafunzi akiyaweka yote mawili mezani ataanza kuuliza maswali ambayo mimi na nyinyi hatujawahi kuyauliza.

Sasa kuhusu chama. Kwa nini chama cha historia, na si idara tu? Kwa sababu idara hubadilishiwa wakubwa, na watu hawampi ofisa mgeni bati la marehemu. Wanampa mtu wanayemjua, mwalimu aliyewasomeshea watoto, au mzee wa mtaa. Nchi nyingi zilizofaulu katika jambo hili zilianza na wenyeji wa kujitolea: walimu wastaafu, makarani, maimamu, mapasta, wavuvi, wakunga, waliokutana, wakaandika, wakakusanya, na serikali ya eneo ikawapa chumba, mshahara wa mtunzaji mmoja na ulinzi wa kisheria. Hapa kwetu moyo huo upo tayari. Wazee wa kaya wameshikilia misitu kwa vizazi. Waswahili wa Malindi, Mambrui na Takaungu wana mashairi ya babu zao kwenye madaftari ya hati za Kiarabu. Kinachokosekana ni kuwaunganisha na kuwapa pa kuwekea.

Chama hicho kiwe cha Kilifi yote, na hapa naomba niwe mkali kidogo. Kikiwa cha Wagiriama peke yao, kitakufa. Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Warabai wawemo kwa haki yao. Waswahili wawemo, Wabajuni wawemo, Wasanye wawemo, ambao mara nyingi husahauliwa ingawa walikuwa kwenye misitu hii kabla ya wengi wetu. Wahindi wenye maduka ya zamani wawemo, pamoja na vitabu vyao vya hesabu. Na wawemo wazao wa watumwa.

Najua hilo la mwisho ni gumu. Kuna familia ambazo mpaka leo haziulizwi asili yao hadharani, na kuna nyingine zisizopenda kukumbushwa kwamba babu zao walimiliki watu. Lakini huwezi kuieleza Kilifi ukiliruka. Kufikia miaka ya 1880 watumwa watoro walikuwa wamejenga kijiji chao Fuladoyo, ndani kule bara, wakajilinda wenyewe. Rabai, tarehe 1 Januari 1889, mamia ya watoro waliokuwa wamekimbilia misheni walipewa hati za uhuru baada ya kampuni ya Imperial British East Africa kuwalipa fidia waliodai kuwamiliki. Hati za uhuru! Waheshimiwa, kama kuna nyumba moja Rabai yenye karatasi kama hiyo ndani ya Biblia ya zamani, hiyo karatasi ni sawa na dhahabu, na mwenye nayo anastahili kujua hivyo kabla hajaitumia kuwashia moto.

Kuna pia mambo yasiyofaa kuonyeshwa. Siri za kaya zina wenyewe. Fingo, ile hirizi ya kuilinda kaya, haiwekwi kwenye kabati la kioo. Daftari zuri huandika masharti: kitu hiki kionekane na wote, kile kisomwe kwa ruhusa ya nyumba fulani, na kingine kiandikwe tu kwamba kipo bila kusema kiko wapi. Wazee waketi kwenye kamati na wawe na kauli ya mwisho juu ya vya kwao. Tukifanya kinyume, tutakuwa tumewatengenezea wezi wa vigango ramani.

Nina lingine ambalo liko ndani ya uwezo wenu bila kuomba shilingi. Kaunti ilipoanza mwaka 2013 ilirithi makaratasi ya halmashauri zilizovunjwa: ile ya Kilifi, manispaa ya Malindi, mji wa Mariakani na mengineyo. Humo mna kumbukumbu za mikutano, rejista za ploti, ramani za masoko, majina ya madiwani, barua za wananchi waliolalamikia visima na barabara. Niliwahi kupita nyuma ya ofisi moja ya umma, ambayo siitaji, nikakuta pipa likiwaka na mafaili ya zamani yakingoja zamu pembeni, kamba zake za kufungia zikiwa bado nyekundu. Aliyekuwa akichoma hakuwa na nia mbaya, aliambiwa asafishe stoo. Nawaomba mtoe agizo la maandishi, juma hili likiwezekana, kwamba hakuna faili la kabla ya 2013 litakalotupwa au kuchomwa hadi likaguliwe na mtu wa nyaraka. Ni karatasi moja yenye saini na mhuri.

Mtaniambia tuweke yote kwenye kompyuta na tumalize. Kompyuta ni muhimu, na nakala za kidijitali ndizo zitakazomfikia mwanafunzi wa Langobaya aliye mbali na mji. Lakini diski hufa, nywila husahaulika, na mkandarasi wa mfumo huondoka nao mkataba ukiisha. Karatasi ya kipande iliyodumu tangu wakati wa mkoloni imewashinda umri mashine zangu zote. Vitu halisi vinahitaji chumba kikavu, maana hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi inayokula chuma na kuozesha karatasi. Rafu zilizoinuliwa kutoka sakafuni. Masanduku yasiyo na asidi. Dawa ya mchwa inayowekwa kwa ratiba na isiyogusa vyenyewe. Na mlango wenye kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Chumba kimoja kwenye maktaba au kwenye jengo la kaunti lisilotumika kinatosha kwa kuanzia. Sitaki kuwatajia bei nisizozikagua, ila najua hesabu yake haikaribii ile ya jengo jipya lenye nguzo na bustani.

Ninayoyaomba, basi, ni haya. Katika makadirio yajayo, yale yanayofika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, pawe na mstari wa makavazi ya kaunti unaotaja wazi mshahara wa mtunza kumbukumbu mmoja aliyesomea kazi hiyo na msaidizi wake, chumba, na vifaa vya kurekodi sauti na kupiga picha. Mswada mfupi upelekwe bungeni wa kukitambua chama cha historia cha kaunti, wenye kifungu kinachosema mali iliyoandikwa kwenye daftari haiuzwi, haizawadiwi mgeni, wala haihamishwi bila idhini ya aliyeitoa na ya chama. Vigango vilivyosimama vipigwe picha wadi kwa wadi, kwa idhini ya wenye maboma, na nakala moja wakabidhiwe wenyewe. Makubaliano ya maandishi yafanywe na Makavazi ya Kitaifa, ili wataalamu wao wa Gede, Malindi na wale wanaoshughulikia misitu ya kaya wawafundishe watu wetu, na ili vigango vilivyorudi kutoka ng'ambo bila kujulikana ni vya nani viwe na njia ya kulinganishwa na kumbukumbu za vijijini. Waheshimiwa Wawakilishi Wadi mnaweza kuanza hata kabla ya hayo: kila mmoja wenu anajua wazee watatu au wanne katika wadi yake ambao wakiondoka wataondoka na mengi. Tupeni majina yao.

Nimeandika kama mkazi, bila cheo na bila kuwasemea watu ambao hawajanituma. Wenzangu ninaokutana nao katika shughuli hizi wako tayari kujitolea bila malipo mpaka mtunzaji apatikane. Tunaweza kuja ofisini, au mtukute kwenye vikao vya maoni ya umma kuhusu bajeti, ambako tutaleta nakala ya barua hii na mfano wa ukurasa wa daftari tunalolipendekeza, ukiwa umejazwa kitu kimoja: picha ya vijana watatu mbele ya hema, majina mawili, na nafasi ya jina la tatu ambalo bado tunalitafuta kwa watu wa Ganze.

Tunangoja jibu lenu.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa Kilifi